Makavazi au Makumbusho? Vichocheo vya Kuzuru Makumbusho na Maonyesho ya Sanaa Nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mambo yanayowachochea watu kuzuru makumbusho na maonyesho ya sanaa, pamoja na yale yanayowafanya wapite nje bila kuingia. Mifano imetolewa hasa nchini Kenya: Nairobi, Mombasa na Lamu. Mitazamo ya wataalamu wanne waliowachunguza wageni wa makumbusho katika nchi za Magharibi imetumiwa kama mwongozo na kupimwa kwa hali ya Kenya. Hoja kuu ni kwamba uzuri wa kifaa na wepesi wa kiingilio, ingawa vina nafasi yake, havitoshi kumvuta mtu. Kinachomvuta zaidi ni uhusiano anaouona baina ya kifaa na maisha yake, na uhusiano huo hujengwa kwa lugha. Kwa hivyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi ambayo haijafanywa vya kutosha.

1.0 Utangulizi

Katikati ya jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Moi, kuna jengo la zamani lililowahi kuwa benki na ambalo sasa ni makao ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wakazi wa jiji huliita kwa jina lake la Kiingereza, na wengi wao wamewahi kumwambia rafiki au jamaa wakutane nje yake. Kila siku watu wengi husimama pale wakisubiriana. Ndani, katika ghorofa ya chini, umehifadhiwa sehemu ya mkusanyo wa sanaa ya Afrika uliokuwa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966: sanamu, vinyago, nguo, mapambo na vyombo kutoka pembe mbalimbali za bara hili. Kutoka anaposimama msubiriji hadi kwenye vitu hivyo ni mwendo wa hatua chache. Hata hivyo, wanaosubiri nje ni wengi kuliko wanaoingia.

Jambo hili laweza kuelezwa kwa wepesi kwamba Wakenya hawapendi sanaa. Maelezo hayo hayaridhishi. Watu hao hao huchagua leso kwa kusoma jina na kutazama pambo lake, husimama kutazama maandishi na michoro ya matatu, na hulipa kiingilio kwenda kwenye maonyesho ya kilimo. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ni nini hasa humfanya mtu atoke nyumbani kwake, au akatize safari yake, akaingie mahali palipowekwa vitu vya kutazamwa tu?

Makala yataanza kwa kuchunguza istilahi zenyewe, kisha mitazamo ya wataalamu, halafu vichocheo na vizuizi, na mwisho nafasi ya Kiswahili katika suala hili.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Nomino makumbusho inatokana na kitenzi kumbusha, ambacho ni kauli ya kusababisha ya kumbuka. Mnyambuliko huu una maana kubwa. Kitenzi cha kusababisha kinahitaji pande mbili: kinachokumbusha na anayekumbushwa. Makumbusho, kwa maana ya neno lenyewe, ni vitu au mahali panapomfanya mtu akumbuke. Bila mtu huyo kazi inayotajwa na jina haijakamilika. Jengo lililojaa vifaa lakini lisilo na wageni limehifadhi, ila halijakumbusha.

Asili ya neno la Ulaya ni tofauti. Linatokana na neno la Kigiriki lililotaja makao ya miungu wa kike walioaminiwa kuwa walezi wa sanaa na elimu. Katika neno hilo wenye makao ni miungu, na mgeni hatajwi. Kiswahili kilipotafuta jina la taasisi hii hakikutafsiri dhana hiyo. Kilitaja kazi ambayo jamii inaitarajia.

Nchini Kenya neno makavazi nalo hutumika, mara nyingine kwa taasisi inayoitwa makumbusho, mara nyingine kwa hifadhi ya nyaraka. Nchini Tanzania taasisi ya vitu vya kale hujulikana kwa kawaida kama makumbusho, na neno kavazi limetumika kwa hifadhi ya nyaraka na kumbukumbu, kama katika Kavazi la Mwalimu Nyerere. Wazo linalotawala katika kavazi ni la kuweka na kutunza, na wazo linalotawala katika makumbusho ni la kuamsha kumbukumbu. Tofauti hii itatumika katika makala yote, kwa sababu kila taasisi ya aina hii hufanya kazi zote mbili, na mvuto wake kwa umma hutegemea ni ipi imepewa uzito.

Istilahi ya tatu ni maonyesho, kutoka onyesha, ambacho nacho ni kitenzi cha kusababisha: mtu anafanywa aone. Neno hili hutumika kwa sanaa, vitabu, mifugo na mashine bila kubagua. Msemaji wa Kiswahili anapolisikia hutarajia umati, sauti na shughuli, na wala hatarajii ukimya. Matarajio hayo yana athari, kama itakavyoonekana baadaye.

3.0 Mitazamo ya Wataalamu

Utafiti wa Pierre Bourdieu na Alain Darbel, uliochapishwa nchini Ufaransa mwaka 1966, ulichunguza wageni wa makumbusho ya sanaa katika nchi kadhaa za Ulaya. Matokeo yake yalionyesha kwamba uwezekano wa mtu kuzuru makumbusho ulihusiana sana na kiwango cha elimu yake. Kwa maoni yao, mlango ulio wazi kwa wote kisheria hauwi wazi kwa wote kwa hakika. Anayeingia bila maarifa ya kuusoma mchoro huhisi kwamba amepotea, na huona aibu kuuliza. Watafiti hao walionya kwamba jamii hukosea inapoyaita mapenzi ya sanaa kipaji cha kuzaliwa nacho, ilhali ni mazoea yanayofunzwa nyumbani na shuleni.

Marilyn Hood (1983), kwa utafiti uliofanywa katika mji wa Toledo, Marekani, aliligeuza swali akauliza kwa nini watu hawaendi. Alibainisha mambo sita ambayo watu huyazingatia wanapochagua namna ya kutumia muda wao wa mapumziko: kuwa pamoja na wengine, kufanya jambo la maana, kujisikia huru mahali walipo, kupata tajriba mpya, kujifunza, na kushiriki kwa vitendo. Wanaozuru makumbusho mara kwa mara walithamini zaidi kujifunza, tajriba mpya na kufanya jambo la maana. Wasiozuru kabisa walithamini zaidi kuwa na wengine, kushiriki na kujisikia huru. Kwa kifupi, wasiozuru walikuwa na haja ambazo hawakudhani makumbusho yangeweza kuzitimiza.

John Falk (2009) alishughulikia nia anayoingia nayo mgeni. Aliwaweka wageni katika makundi matano: wadadisi, ambao huongozwa na hamu ya kujua, wawezeshaji, ambao huja kwa ajili ya wenzao, kwa mfano mzazi anayemleta mtoto, watafuta tajriba, ambao wanataka kusema kwamba wamefika na kuona, wataalamu na mashabiki wa fani fulani, na watafuta utulivu, ambao huja kupumzisha nafsi. Alisisitiza kwamba mtu mmoja anaweza kuwa katika kundi moja leo na katika kundi jingine kesho. Mhadhiri wa sanaa anayewapeleka wanawe Jumamosi si mtaalamu siku hiyo, ni mzazi.

Mitazamo hii inakamilishana: Bourdieu na Darbel wanaeleza nani huandaliwa kuingia, Hood anaeleza haja za wanaobaki nje, na Falk anaeleza nia za walioingia. Hata hivyo, yote ilizaliwa katika jamii ambazo makumbusho yake yalianzishwa na watu wake wenyewe. Nchini Kenya historia ni tofauti. Makumbusho ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka uliotangulia, chini ya utawala wa kikoloni. Jengo lililofunguliwa mwaka 1930 lilipewa jina la gavana Robert Coryndon, na jina hilo lilidumu hadi wakati wa uhuru. Kwa zaidi ya miaka hamsini Mwafrika alikuwa mtazamwa zaidi ya alivyokuwa mtazamaji. Nadharia yoyote ya vichocheo haina budi kuitia maanani hali hiyo.

4.0 Vichocheo vya Kuzuru

4.1 Elimu na agizo la shule

Yeyote aliyefika katika Makumbusho ya Nairobi wakati wa muhula ameyaona mabasi ya shule. Kwa Wakenya wengi ziara ya kwanza huwa ya darasa, na kwa baadhi yao huwa ndiyo ya mwisho. Mwanafunzi hupangwa foleni, hupita mbele ya mifupa, ndege na vyombo, hunakili maelezo daftarini, kisha hurudi garini. Kichocheo hapa ni agizo, nalo lina nguvu ya kuwafikisha wengi. Udhaifu wake ni kwamba humfundisha mtoto kuyaona makumbusho kuwa tawi la shule, na anayemaliza shule huona kwamba amemalizana na makumbusho pia.

Ziara hiyo yaweza kuwa mbegu endapo mtoto atatoka na swali lake mwenyewe. Mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na kikosi cha watafiti mwaka 1984 baada ya Kamoya Kimeu kuona kipande cha kwanza huko Nariokotome, ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Mtoto anayeambiwa umri huo hunakili tarakimu. Anayeambiwa kwamba aliyeivumbua ni Mkenya aliyezoea kutazama ardhi kwa makini hupata sababu ya kurudi.

4.2 Kuwa pamoja na wengine

Kichocheo cha pili ni haja ya kuwa na watu. Wengi huenda kwenye maonyesho kwa kuwa wamealikwa, kwa kuwa rafiki ameonyesha kazi zake, au kwa kuwa wana mgeni wa kumtembeza. Mwenyeji wa Mombasa ambaye hajawahi kuingia Fort Jesus kwa hiari yake huingia siku anapomtembeza shemeji kutoka bara. Huyu ndiye mwezeshaji katika istilahi za Falk, na katika jamii inayothamini ukarimu, kundi lake halipaswi kudharauliwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni tamasha la utamaduni la Lamu. Wakati wa tamasha hilo huwepo mashindano ya mashua na ya punda, bao huchezwa, mashairi hughaniwa, na kazi za mikono huonyeshwa. Wenyeji hujitokeza bila kubembelezwa. Sanaa ile ile ya nakshi na ususi inayotazamwa kwa ukimya ndani ya makumbusho, siku hiyo hutazamwa kwa kelele, kwa ubishi na kwa kulinganisha nani fundi. Haja zote tatu ambazo Hood alizikuta kwa wasiozuru, yaani kuwa na wengine, kushiriki na kujisikia huru, hutimizwa kwa pamoja. Mtazamo huo unakubaliana na maana pana ya neno maonyesho iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0.

4.3 Sifa ya kitu mashuhuri

Watu huvutwa pia na kitu kilichokwisha kuwa na jina. Katika ua wa Makumbusho ya Nairobi imesimama sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi maalumu kwa amri ya mwaka 1970, na ambaye alikufa mwaka 1974. Wageni hupiga picha mbele yake. Wengi wao hawaisomi historia yake. Wanataka ushahidi kwamba wamefika.

Kichocheo hiki huweza kudharauliwa na wasomi, lakini nguvu yake inaonekana katika kisa mashuhuri cha Paris. Mchoro wa Mona Lisa ulipoibwa katika makumbusho ya Louvre mwezi wa Agosti mwaka 1911, watu walipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu uliobaki. Mchoro uliporudishwa mapema mwaka 1914 umaarufu wake ulikuwa umezidi. Waliokwenda kutazama ukuta hawakufuata rangi wala mistari, kwa kuwa havikuwepo. Walifuata hadithi ambayo walikuwa wameisikia na ambayo walitaka kuwa sehemu yake.

4.4 Utambulisho na madai ya turathi

Kisa cha Paris kina mwenzake wa Nairobi, ingawa sababu zake ni nzito zaidi. Mwaka 2021 Makumbusho ya Nairobi yaliandaa maonyesho yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vifaa vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje, ambavyo orodha yake ilipita vifaa 32,000. Miongoni mwa vilivyoonyeshwa ni makabati ya kioo yaliyo matupu. Mgeni alialikwa kutazama nafasi ya kitu ambacho hakipo.

Nyuma ya makabati hayo kuna historia mahususi. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 ikaishia katika British Museum, London. Vigango vya Wamijikenda, ambavyo ni nguzo za mbao zinazochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki, viliibwa makwao katika miongo ya mwisho ya karne hiyo vikauzwa ng'ambo kama sanaa. Vigango viwili vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha vingine 30.

Historia ya vigango inafunza kwamba kitu kimoja huweza kuwa na watazamaji wa aina mbili wasioelewana. Kwa mnunuzi wa ng'ambo, kigango kilikuwa umbo zuri la mbao lisilo na jina. Kwa mwenye nyumba alikoibiwa, kilikuwa mzazi wake. Mtu huyu wa pili hahitaji kuhimizwa kwenda kukiona, kwa kuwa kinachompeleka ni haki na uchungu.

Kichocheo cha utambulisho hujitokeza pia kwa namna tulivu. Baadhi ya michoro iliyohifadhiwa Nairobi ni ile aliyoichora Joy Adamson kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, akionyesha watu wa jamii mbalimbali za Kenya katika mavazi yao. Ni kawaida mtazamaji Mkenya kuanza kwa kutafuta jamii yake. Akiipata, hulinganisha: shanga hizi bado zipo, mtindo huu wa nywele umepotea. Michoro iliyoagizwa na serikali ya kikoloni ili kuwahifadhi watu katika karatasi hugeuzwa na wajukuu wa watu hao kuwa makumbusho kwa maana kamili ya neno.

4.5 Sanaa kwa ajili ya sanaa

Wapo wanaokwenda kwa sababu wanapenda sanaa. Kundi hili limekuwa likikua polepole, na historia yake nchini haiwezi kutenganishwa na vituo vilivyoanzishwa nje ya makumbusho ya serikali. Paa ya Paa ilianzishwa mwaka 1965, Elimo Njau akiwa miongoni mwa waasisi, na ikaendelea licha ya moto ulioiharibu mwaka 1997. Gallery Watatu, iliyoanzishwa na wasanii watatu mwishoni mwa miaka ya 1960, iliwatambulisha wachoraji wengi hadi ilipofungwa mwaka 2012. Kuona Trust ilianza mwaka 1995 katika uwanja wa Makumbusho ya Nairobi, na GoDown ikafuata mwaka 2003.

Majina matatu kati ya hayo ni ya Kiswahili. Jina Paa ya Paa linataja mnyama na kitenzi cha kuruka juu. Kuona linataja tendo lenyewe la mtazamaji. Wasanii walitambua mapema kwamba jina ni mlango wa kwanza. Hata hivyo, kwa muda mrefu wanunuzi wa kazi zao walikuwa zaidi wageni na watalii, na maelezo ya michoro yaliandikwa kwa lugha ya wanunuzi. Mpenzi wa sanaa asiyenunua hakuwa na hakika kwamba amealikwa.

Hata mpenzi wa sanaa hatazami kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu wageni wa Metropolitan Museum, New York, ulionyesha kwamba walitumia kwa wastani takriban sekunde 27 mbele ya mchoro mmoja. Ikiwa hali ndiyo hiyo katika nyumba maarufu ya sanaa, basi maneno machache yanayomkuta mtazamaji katika sekunde hizo yana uzito mkubwa.

5.0 Vizuizi

Vizuizi vinavyotajwa aghalabu ni ada na umbali. Vyote ni vya kweli. Kwa familia ya watu sita, nauli na kiingilio vyaweza kumaliza fedha za chakula cha siku, na makumbusho mengi yako mijini. Lakini mfano uliotolewa katika utangulizi unaonyesha mpaka wa maelezo hayo. Anayesubiri nje ya jengo la barabara ya Moi tayari amekwisha kulipa nauli, na umbali uliobaki ni wa hatua chache. Bourdieu na Darbel wangesema kwamba kizuizi kilichobaki kimo ndani ya mtu mwenyewe: hana hakika kwamba mahali pale ni pake.

Wasiwasi huo unajengwa na mambo kadhaa. La kwanza ni adabu isiyoandikwa ya kunyamaza na kutogusa. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na kupita urefu wa mita mbili, ni pambo kwa macho, lakini iliundwa ipulizwe. Ndani ya kioo inaonekana, ila haisikiki. Mtu aliyelelewa katika utamaduni ambamo sanaa hupigwa, huvaliwa, huimbwa na kuchezwa huona ajabu kuitwa aje atazame sanaa isiyofanya lolote.

La pili ni kumbukumbu ya jengo lenyewe. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na chini ya Waingereza ikawa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1960. Nairobi Gallery ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, iliyojengwa mwaka 1913, ambako vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa. Ngome ya Lamu nayo iliwahi kuwa jela. Mzee aliyezoea kuingia katika majengo kama hayo kwa kuitwa na dola hawezi kulaumiwa akisita kuingia kwa starehe.

La tatu, na ambalo linawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili, ni lugha.

6.0 Nafasi ya Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kuipa serikali jukumu la kuukuza kwa njia mbalimbali, sanaa ikiwemo. Vifungu hivi viwili hukutana katika lebo ya makumbusho, karatasi ndogo iliyo kando ya kifaa. Kwa sehemu kubwa lebo hizo na vijitabu vya maonyesho vimekuwa vikiandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2006 maonyesho makubwa ya vifaa vya Afrika Mashariki, baadhi vikiwa vimeazimwa kutoka British Museum, yalifanyika katika Nairobi Gallery yakiitwa Hazina. Jina hilo lilikuwa chaguo jema, lakini jina peke yake haliwezi kubeba maonyesho mazima.

Hata hivyo, kutafsiri lebo hakutoshi. Lebo ya kavazi ni tofauti na lebo ya makumbusho. Tuchukue mfano wa siwa. Lebo ya kihifadhi ingesema hivi:

Siwa. Pembe ya ndovu. Pate.

Maneno haya ni sahihi, na mtafiti anayahitaji. Lakini asiyejua maana haambiwi maana: anayeijua siwa hajaongezewa kitu, na asiyeijua hajasaidiwa. Lebo ya kukumbusha ingeweza kuandikwa namna hii:

Hii ni siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Ilipulizwa katika sherehe za watawala na koo kubwa, zikiwemo arusi na tohara. Haikupulizwa kwa kila mtu. Aliyeisikia akiwa mbali alijua kwamba mjini kuna jambo, na alijua ni la nani. Kwenu, jambo kubwa hutangazwa kwa chombo gani, na nani ana haki ya kukipiga?

Lebo ya pili inazingatia vichocheo vilivyojadiliwa. Inamfundisha mdadisi, inampa mwezeshaji swali la kumuuliza mtoto, inairudisha sauti ya kifaa kwa maneno, na inamruhusu mtu kutoka Kakamega au Garissa kulinganisha na kwao bila kuhisi kwamba anatazama turathi ya wengine tu. Aidha, inagusa suala la tabaka, ambalo lebo ya kwanza inalificha. Sentensi zake ni fupi, kwa kuwa mtazamaji ana sekunde chache na amesimama kwa miguu.

Kazi hii inahitaji ujuzi unaofunzwa katika idara za Kiswahili: uundaji wa istilahi, tafsiri, uchanganuzi wa matini na fasihi simulizi. Msamiati wa nakshi, ususi, ufinyanzi, mapambo na vyombo vya baharini ungali hai vinywani mwa mafundi wa Lamu, Siyu na Mombasa, lakini haumfikii mgeni anayesimama mbele ya kazi zao. Fundi anaposema jina la kila pambo katika mlango, na lebo ikasema tu kwamba ni mlango wa mbao, makumbusho yamehifadhi mbao na kupoteza elimu.

Ni kweli kwamba wapo watakaodai kuwa Kiswahili nacho si lugha ya kwanza ya Wakenya wengi, na kwamba kigango kingestahili kuelezwa kwa Kigiriama na ngadji kwa Kipokomo. Hoja hiyo ina mashiko. Jina la kifaa katika lugha ya wenyewe linafaa litangulie katika kila lebo, kisha Kiswahili kiwaunganishe watazamaji wa jamii tofauti. Kiswahili kikiwekwa mahali pa lugha ya jamii badala ya kando yake, kosa lililofanywa na Kiingereza litakuwa limerudiwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba watu huzuru makumbusho na maonyesho ya sanaa kwa sababu ya agizo la elimu, haja ya kuwa na wenzao, sifa ya vitu mashuhuri, utambulisho na madai ya turathi, na mapenzi ya sanaa. Vichocheo hivi huchanganyika ndani ya mtu mmoja. Kinachoviunganisha ni uhusiano ambao mgeni anauona baina ya kifaa na maisha yake. Uhusiano huo ukiwepo, mtu huweza kupanga foleni hata mbele ya ukuta mtupu au kabati tupu. Usipokuwepo, hatua chache kutoka barabarani huwa mbali mno.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na makumbusho yaliyo karibu na vyuo vyao kuandika lebo za majaribio kwa vifaa vichache, na kuzipima kwa kuwasikiliza wageni wanapozisoma. Pili, tasnifu za tafsiri na istilahi zielekezwe pia katika msamiati wa sanaa za mikono, ukikusanywa kutoka kwa mafundi kabla haujapotea. Tatu, ziara za shule ziandaliwe kwa maswali ambayo mtoto atayapeleka nyumbani kwa wazazi na mababu, ili ziara ya darasa izae ziara ya familia.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha nyingi wala jengo jipya. Lebo moja iliyoandikwa vizuri na kubandikwa kando ya kifaa kimoja yatosha kuwa mwanzo.